KITUFE KINAPOKATAA KUTII

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Kutafuta kosa katika kibodi ya kompyuta

Natumaini kwamba madaftari na kalamu zenu ziko tayari. Nawe unayelisoma somo hili katika karatasi, kwa kuwa siku ile hukuwa karibu na redio, karibu ukae pamoja nasi. Hukukosa neno, maana yote tuliyoyasema yamepigwa chapa hapa.

Juma lililopita tulijifunza kuandika barua fupi kwa kompyuta. Leo tutajifunza jambo linalowasumbua wengi waliokwisha kuzoea kuandika. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Akaja fundi, akaitia mfumo mpya, yaani ile programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote. Kesho yake unakaa kitini, unabonyeza kitufe kama desturi yako, nacho hakitoi ulichotaka. Ufanye nini?

Swali hili si la watu wachache. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa mfumo wake uitwao Windows 10, na kwa sababu hiyo kompyuta nyingi zimetiwa Windows 11. Kazi ya namna hiyo aghalabu huisha salama. Lakini mara nyingine hubaki jambo dogo lisilo sawa, na jambo dogo laweza kusimamisha kazi kubwa.

KISA CHA KARANI

Nataka nikusimulie kisa kimoja. Jina la mwenye kisa sitalitaja, wala jina la chama chake.

Mama mmoja, mwenye umri upatao miaka hamsini, ni karani wa chama cha akiba na mikopo. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa kama hili lako. Kompyuta aliijua baadaye, akaizoea. Siku ya Alhamisi jioni kompyuta yake ilitiwa mfumo mpya. Ijumaa asubuhi wanachama walikuwa wamekwisha kukaa bencini wakingoja mikopo yao ya karo, kwa kuwa shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu.

Mama akafungua programu ya hesabu za chama, akaandika neno lake la siri. Programu ikakataa. Akaandika tena polepole. Ikakataa. Akaandika mara ya tatu, ndipo programu ikajifunga nusu saa nzima, kama ilivyo desturi ya programu nyingi ili kumzuia mwizi anayebahatisha.

Katibu wa chama akasema, "Mama, pengine umelisahau."

Akajibu, "Nimeliandika kila asubuhi kwa miaka miwili, mwanangu. Vidole vyangu vinalijua."

Hata hivyo moyo wake uliingia shaka. Watu bencini walianza kunong'onezana kwamba mashine hizi si za wazee. Kijana mmoja akaja, akaitazama kibodi, akasema kwamba imekufa, inunuliwe nyingine. Chama kikatoa fedha, kibodi mpya ikaletwa. Mama akaandika neno lake. Likakataliwa vilevile.

Hapo ndipo alipotulia akafikiri. Alisema moyoni mwake, "Kibodi mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Basi ugonjwa hauko katika kibodi." Akafungua ukurasa mweupe wa kuandikia barua, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, akitazama kila kinachotoka. Herufi zote zilikuwa sawa, na tarakimu zote zilikuwa sawa. Lakini aliposhika Shift na kubonyeza 2, ambacho juu yake pamechorwa alama ya @, haikutoka @. Ilitoka alama ya kunukuu, ile ya vidoti viwili vya juu: ". Na neno lake la siri lilikuwa na @ ndani yake.

Kwa nini hakuliona kosa hilo mapema? Kwa sababu neno la siri huandikwa kwa nukta nukta ili mtu wa nyuma asilisome. Nukta ya @ na nukta ya " ni sawasawa. Mama alikuwa akibonyeza kweli, na mashine ilikuwa ikikataa kweli, wala hakuna aliyekuwa mwongo.

Akaendelea kutafuta. Alipobonyeza Shift pamoja na kitufe kilicho kando ya Enter, chenye picha ya ', ndipo @ ikatoka. Nusu saa ilipokwisha, aliandika neno lake kwa kitufe hicho, na programu ikafunguka. Wanachama walipata fedha zao siku ile ile.

KITUFE HAKIJUI HERUFI

Basi, lilitokea nini? Ili tufahamu, tuitazame kwanza mashine ya zamani ya kupiga chapa.

Mnamo 1874 huko Marekani, kampuni ya Remington ilianza kuuza mashine iliyobuniwa na Christopher Latham Sholes na wenzake. Katika mashine hiyo kila kitufe kimeungwa na mkono wa chuma, na kwenye ncha ya mkono imechongwa herufi. Ukibonyeza A, mkono wa A huinuka ukaipiga karatasi. Kitufe cha A hakiwezi kamwe kutoa B, maana herufi yenyewe ni ya chuma. Kitufe kikikosa, kosa liko katika chuma, nawe huna haja ya kutafuta mahali pengine.

Kibodi ya kompyuta imerithi mpango wa vitufe vya mashine ile, lakini haifanyi kazi kwa njia hiyo. Katika kibodi nyingi za bei nafuu, chini ya vitufe kuna kikombe kidogo cha mpira, na chini yake kuna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Unapobonyeza, njia mbili hugusana na umeme hupita. Chombo kidogo ndani ya kibodi hutambua ni mahali gani umeme umepita, kisha huituma namba kwa kompyuta. Angalia vizuri: haitumwi herufi, hutumwa namba.

Katika kibodi zinazochomekwa kwa waya wa USB, kitufe cha A hutuma namba 4, B hutuma 5, na kuendelea hivyo hata Z, namba 29. Kitufe cha tarakimu 1 hutuma 30, na cha 2 hutuma 31. Ukishika Shift, habari hiyo nayo hutumwa. Basi kibodi husema tu, "Mtu amebonyeza 31, naye ameshika Shift." Kazi ya kibodi imekwisha hapo.

Ni nani basi anayeamua kwamba 31 pamoja na Shift ni @? Ni mfumo. Ndani yake mna orodha, mfano wa daftari la tafsiri, nayo huitwa mpango wa kibodi. Katika mpango wa Marekani, 31 na Shift ni @. Katika mpango wa Uingereza, 31 na Shift ni alama ya kunukuu, na @ iko kando ya Enter. Kibodi ya yule mama ilichorwa kwa mpango wa Marekani. Aliyetia mfumo mpya alichagua Kiingereza cha Uingereza, na kwa kuchagua lugha hiyo akauweka na mpango wake wa vitufe. Vidole vilisema lugha moja, mfumo ukasikia nyingine.

Nikupe mfano mwingine. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanazifahamu kibodi za mpango wa Kifaransa. Humo A na Q zimebadilishana nafasi, na Z na W vilevile. Kitufe kilichoandikwa A katika kibodi ya Kifaransa hutuma namba 20, namba ile ile inayotumwa na Q ya kibodi ya Kiingereza. Ukiichomeka kibodi hiyo katika kompyuta yenye mpango wa Kiingereza, utaandika "baba" ukapata "bqbq". Kibodi ni nzima kabisa. Daftari la tafsiri ndilo lisilo lake.

MASWALI MANNE YA KUTAFUTA KOSA

Daktari mwema hatoi dawa kabla ya kuuliza maswali. Nawe usinunue kibodi, wala usimlaumu mtu, kabla hujauliza haya manne. Fungua ukurasa mweupe wa kuandikia, ubonyeze, utazame.

Swali la kwanza: Je, kitufe kinatoa kitu kingine, au hakitoi kitu chochote? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kikitoa alama nyingine, na ni ile ile kila mara, basi umeme unapita na namba inafika, na aghalabu kosa liko katika mpango. Jaribu alama tatu. Shift na 2: je, ni @ au "? Shift na 3: je, ni # au £? Shift na kitufe cha kando ya Enter: je, ni " au @? Ukiona zote zimebadilika pamoja, jua kwamba kibodi yako ya Kimarekani inasomwa kwa daftari la Kiingereza.

Swali la pili: Je, ni kitufe kimoja, vitufe kadhaa, au vyote? Kimoja kikiwa kimya, huenda chini yake pana uchafu au mpira umechoka. Vikiwa vitufe kadhaa vya jirani, huenda njia ya umeme chini yake imekatika au imelowa. Vyote vikiwa kimya, tazama waya na tundu ulimochomekwa, kisha ndipo ufikirie mfumo.

Swali la tatu: Je, ni katika programu zote, au moja tu? Kitufe kikikataa katika programu moja na kukubali katika nyingine, usiiguse kibodi. Kosa limo katika programu ile.

Swali la nne: Je, kosa linafuata kibodi, au linabaki na kompyuta? Chukua kibodi ya jirani uichomeke kwako. Ikikosa vilevile, kosa liko katika kompyuta. Kisha peleka yako kwa jirani. Ikikosa huko pia, kosa liko katika kibodi. Jaribio hili halina gharama. Kama chama cha yule mama kingaliazima kibodi kabla ya kununua, fedha zingalibaki sandukuni.

DAWA ZAKE

Kosa likiwa katika mpango, tazama pembe ya chini ya kioo, upande wa kulia. Ikiwa mipango ni miwili au zaidi, katika Windows utaona herufi ENG na chini yake US au UK. Shika kitufe chenye picha ya dirisha, kisha bonyeza kile kitufe kirefu cha kutenga maneno. Mpango utabadilika. Ikiwa mpango ni mmoja tu, wa pili huongezwa ndani ya Settings, mahali palipoandikwa Time & language, na hapo waweza kumwomba mwenzako anayejua akuonyeshe.

Ikiwa una haraka na hujui mpango upi umewekwa, shika kitufe cha dirisha pamoja na Ctrl, kisha bonyeza O. Kibodi ya picha itatokea kiooni. Gusa Shift yake, nawe utaona kila kitufe kinatoa nini sasa. Waweza hata kuigusa @ katika picha, ikaandikwa.

Kosa likiwa ni vitufe kuchelewa au kukubali tu vinaposhikwa muda mrefu, huenda umeamsha msaada uliowekwa kwa ajili ya watu wenye mikono inayotetemeka. Katika Windows, kuishika Shift ya kulia muda wa sekunde 8 huleta msaada huo, na kuibonyeza Shift mara 5 huleta mwingine. Ni vitu vyema kwa mwenye kuvihitaji. Wewe usiyevihitaji, vizime ndani ya Settings, mahali pa Accessibility.

Katika baadhi ya kompyuta ndogo za kubeba, U, I na O hutoa 4, 5 na 6, na J, K na L hutoa 1, 2 na 3. Hilo si ugonjwa. Ni Num Lock iliyowashwa. Izime, herufi zitarudi.

Vitufe vyote vikiwa kimya baada ya mfumo mpya, chomoa waya, uchomeke katika tundu jingine. Isipofaa, chagua Restart kwa kipanya. Nasema Restart, si kuzima na kuwasha. Katika kompyuta nyingi zenye Windows, unapozima, moyo wa mfumo huhifadhiwa ili kesho iamke upesi, na kosa huhifadhiwa pamoja nao. Restart huanza upya kweli. Ikishindikana hata hapo, mwite fundi aiondoe na kuirudisha programu ndogo inayoiongoza kibodi, ambayo mafundi huiita draiva.

Kosa likiwa ni uchafu, zima kompyuta, chomoa kibodi, igeuze kifudifudi, igongegonge taratibu, kisha pangusa kwa brashi laini iliyo kavu. Usimwage maji. Vitufe vya kompyuta ya kubeba usiving'oe kwa kisu, maana vishikizo vyake ni vyembamba na huvunjika.

MAONYO MATATU

La kwanza: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribu, kisha andika katika daftari. Ukibadilisha mambo matatu pamoja na kosa likaondoka, hutajua ni lipi lililolitibu, na likirudi utaanza mwanzo.

La pili: usidhani kwamba kila kinachotokea baada ya mfumo mpya kimeletwa na mfumo mpya. Wahenga walisema juu ya jogoo kwamba likiwika lisiwike, kutakucha. Pengine usiku ule ule mtu alimwaga chai juu ya kibodi akanyamaza. Ndiyo sababu tunauliza maswali yote manne.

La tatu: unapotafuta kosa, usiliandike neno lako la siri zima mahali linapoonekana, wala usimtajie mtu, hata fundi. Jaribu alama moja moja tu katika ukurasa mweupe, kama alivyofanya yule mama. Tena usirudie neno la siri mara nyingi kwa hasira. Likikataliwa mara mbili, simama, jaribu vitufe kwanza.

NENO LA MWISHO

Katika kisa chetu, jambo linaloniuma si fedha za kibodi, ingawa fedha ni fedha. Ni ile nusu saa ambayo mama yule alikaa mbele ya watu wake akiambiwa kwamba amesahau, naye akikaribia kuamini. Mtu aliyejifunza ukubwani huwa mwepesi kujilaumu. Mashine ikikataa, husema, "Ni mimi." Mara nyingine ni yeye kweli, na hakuna aibu. Lakini mara nyingine vidole vyake ni sahihi, na mtu mwingine ndiye aliyebadilisha daftari la tafsiri bila kumwambia. Huwezi kujua kwa kujilaumu, wala kwa kuilaumu mashine. Utajua kwa kubonyeza kitufe na kutazama kinatoa nini.

MASWALI YA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kitufe cha mashine ya kupiga chapa na kitufe cha kompyuta?

2. Unabonyeza Shift na 3, unapata £ badala ya #. Je, utanunua kibodi mpya? Eleza sababu.

3. Kwa nini yule mama hakuona kosa alipokuwa akiandika neno lake la siri?

4. Kibodi yako haitoi herufi M tu. Kibodi ya jirani inatoa M vizuri katika kompyuta yako. Kosa liko wapi?

Kazi ya kufanya: Ikiwa darasa lenu lina kompyuta, kila mmoja abonyeze vitufe vya safu ya juu pamoja na Shift, aandike kando katika daftari alama iliyochorwa juu ya kitufe na alama iliyotoka. Zisipolingana, sasa mwajua la kufanya.

Juma lijalo tutajifunza namna ya kuhifadhi barua tuliyoiandika ili isipotee umeme unapokatika. Mpaka siku hiyo, kwaherini, nami nawatakia masomo mema.